Mbili kwa Tatu

Nilidhani wamenidharau.
Randa ya umeme imekipasua kidole gumba,
kanga ya Mwajabu imelowa hadi maandishi hayasomeki,
halafu napewa vidonge vyeupe,
vilevile ninavyonunua dukani kwa Mangi, Keko,
siku kichwa kikigonga.

"Panadol tu, Sista?"
Hilo "tu" nililitamka kwa nguvu zote zilizobaki.

Sista Ndekusara hakuwa na haraka ya kunijibu.
Alikuwa ameshanichoma ganzi kwenye shina la kidole,
upande huu, kisha upande ule,
akangoja, akaigusa nyama kwa ncha ya sindano.
"Unasikia?"
Nasikia mtu akibisha hodi nyumba ya jirani.
Ndipo akashona. Nyuzi tisa.
Nimeshonea makochi vitambaa miaka kumi na saba,
sijaona mshono uliolala vile.

"Toka sifuri hadi kumi, maumivu ni ngapi?"
Mimi nimezoea futi.
Nikamwambia, randa ilipoingia futi ilikatika,
sasa hivi ni mbili, labda tatu,
ganzi ikiisha sijui.
"Ikiisha utajua. Kwa hiyo usingoje iishe,
meza kabla."

Kisha maswali: vidonda vya tumbo unavyo?
Figo? Presha? Unakunywa pombe?
Kuna dawa nyingine unameza nyumbani?
Alinigongagonga kama ninavyogonga ukuta
kabla sijatundika kabati la mtu,
nisije nikatoboa bomba.

Akachukua bahasha ya kaki, akaandika
2 x 3
nami nikacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi.
Mbili kwa tatu!
Sista, hiyo si dawa, hiyo ni mbao.
Akacheka na yeye, mlango wa Temeke ukiwa umejaa watu.
"Basi usiongeze hata inchi.
Ukizidisha hii, ini ndilo litakalolipa."
Bahasha ya pili: 1 x 3, ya uvimbe.
"Na hii ule kwanza. Usiimeze na njaa."

Njiani nikawaza kifundi:
moja msumari, nyingine gundi.
Kiungo chenye msumari peke yake hucheza,
chenye gundi peke yake huteleza kabla haijakauka.

Saa nne usiku ganzi ikaondoka bila kuaga.
Gumba likapata moyo wake lenyewe,
likawa linadunda juu ya mto
niliouegemeza mkono kama nilivyoagizwa.

Mapande akaja kunipa pole,
mfukoni ana kipande cha karatasi ya dawa, jina limekatwa.
"Achana na vya hospitali. Meza hii,
utasahau hata unaitwa nani."
Nikamwambia, ndugu yangu,
jina langu nina kazi nalo kesho,
liko kwenye risiti ya mama wa Chang'ombe
aliyelipia kabati nusu.
Akakaa kidogo. Akaaga.
Sijui ile karatasi anaimezea maumivu gani,
na mimi sikumuuliza.

Saa tisa simu ya Mwajabu ikalia.
Uji wa moto, vijiko vinne, kisha kidonge.
Nisidanganye: maumivu hayakwenda popote.
Yalikaa pale mlangoni kama mteja
aliyeahidiwa kochi tangu Idi,
ananung'unika, lakini hapigi meza,
na mtu anaweza kusinzia
huku mteja kama huyo akimtazama.

Nikasinzia.

Asubuhi, ng'ambo ya ukuta, randa ikanguruma.
Chande, mwanafunzi wangu, kaanza kazi bila kuitwa.
Nikachungulia dirishani, mkono juu,
bahasha mbili zikinichomoza mfuko wa shati,
nikamwona anasukuma ubao kwa kiganja kitupu.

"Chande! Zima mashine!
Chukua kipande cha mbao, sukuma kwa hicho.
Na hicho kidole, mwanangu,
kitoe hapo."